Red Boat 40°N: sosi ya samaki ya kuchovyea, kwenye sufuria utaimaliza bure

Nianze na harufu maana ndo kitu cha kwanza kila mtu anauliza. Ndio, inanuka, tena inanuka kweli, ni samaki aliyekaa na chumvi mwaka mzima ndani ya pipa ulitegemea nini. Ila sio harufu ya kitu kilichooza, na ukionja tone moja kwenye ncha ya ulimi utaelewa kwa nini watu wa Vietnam hawawezi kukaa mezani bila hii kitu. Kwanza chumvi inakupiga, halafu inakuja ladha nzito ya nyamanyama hivi, halafu mwisho kabisa kuna kautamu kanabaki mdomoni na hakuna aliyeweka sukari. Hako kautamu ka mwisho ndo kipimo changu. Sosi nyingi za samaki zinakupa chumvi na harufu, basi, hazifiki huko.

Sasa geuza chupa usome nyuma, hapa ndo pa muhimu kuliko picha za mbele. Red Boat wameandika vitu viwili tu, anchovi (dagaa wa baharini hao wadogo) na chumvi. Hakuna kingine. Linganisha na Three Crabs, ambayo familia nyingi za Kivietnamu huko Marekani zimekua nayo na wanaipenda sana tu, nyuma utakuta fruktosi na protini ya mimea iliyovunjwavunjwa kiwandani. Sio sumu, msianze kutishana, na wapo wanaoipenda kwa sababu hiyohiyo maana ni laini na tamu, lakini ule utamu umetiwa, haukutoka kwenye samaki. Squid ya Thailand nayo, iko sokoni tangu 1944, ni dagaa, chumvi na sukari. Na hapana, kwenye Three Crabs hakuna kaa na kwenye Squid hakuna ngisi, hiyo michoro ni nembo tu, naona watu wenye aleji wanaulizaga hili swali kila mara.

Ili uelewe kwa nini vitu viwili vinatosha inabidi ujue inavyotengenezwa. Red Boat inatoka kisiwa cha Phú Quốc, kipo Ghuba ya Thailand, ni cha Vietnam ingawa kwa umbali kiko karibu zaidi na pwani ya Kambodia. Wavuvi wakishavua dagaa wanawachanganya na chumvi hukohuko kwenye boti, hawasubiri wafike nchi kavu, kwa sababu samaki akianza kuharibika hata saa chache tu huwezi kumrudisha, chumvi haiponyi samaki aliyekwisha chacha. Kipimo cha kienyeji ni mafungu matatu ya samaki kwa fungu moja la chumvi. Vikifika kisiwani vinaingia kwenye mapipa ya mbao marefu kuliko mtu, yamekazwa kwa kamba nene, pipa moja linabeba tani kumi na zaidi, juu wanapanga mianzi na kukandamiza na mawe mazito ili samaki wasielee, halafu hapo ni kusubiri mwaka, wengine zaidi.

Kinachotokea humo ndani hakipikwi na mtu yeyote, samaki anajimeng'enya mwenyewe. Vimeng'enya vya tumboni mwake, vilevile ambavyo alikuwa anasagia chakula akiwa hai, vinaendelea na kazi na kuvunja protini za nyama yake vipande vidogovidogo mpaka zinabaki amino asidi, na mojawapo ni glutamati, ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 kuwa ndo chanzo cha ile ladha aliyoiita umami. Ndo maana samaki hawatolewi matumbo, ukiwatoa umetoa mtambo. Chumvi kazi yake ni kuwazuia bakteria wa kuozesha, wanabaki wale wachache wanaovumilia chumvi kali, na hao nao wanachangia harufu. Ukiweka chumvi kidogo unapata uozo, ukiweka nyingi mno vimeng'enya vinazorota na unasubiri mpaka uzeeke. Kwa hiyo mafungu matatu kwa moja sio mila tu, kuna hesabu ndani yake.

Chini ya pipa kuna bomba. Kile kimiminika kinachotoka wanakirudisha juu, kinapita tena katikati ya samaki, kinatoka tena, mpaka kinakuwa kisafi chenye rangi ya kahawia nyekundu kama chai ya rangi. Mkamuo wa kwanza ndo wenye heshima, kule wanauita nước mắm nhĩ. Baada ya hapo wanamwaga maji ya chumvi kwenye samaki waliobaki na kukamua mara ya pili, ya tatu, na kila mara inazidi kuwa nyepesi. Ile nyepesi ndo inayoishia kwenye chupa za bei rahisi baada ya kuongezwa sukari, rangi na viongeza ladha. Sio wizi, ndo biashara ilivyo, lakini ujue unanunua mkamuo wa ngapi. Phan Thiết, mji mwingine wa Vietnam wenye jina kubwa kwenye hii kazi, wana mtindo wao wa mitungi ya udongo inayopigwa jua, na wapenzi wa Phan Thiết hawakubali kabisa kuambiwa Phú Quốc ndo baba lao. Huo ugomvi sitauingilia. Nasema tu kwamba Umoja wa Ulaya ulilisajili jina la Phú Quốc mwaka 2012, kule Ulaya huwezi kubandika hilo jina kwenye sosi iliyotoka kwingine.

Namba 40°N iliyoandikwa mbele sasa. Hiyo sio asilimia na sio joto, ni gramu za naitrojeni kwenye lita moja. Naitrojeni inatoka kwenye protini, kwa hiyo namba ikiwa kubwa maana yake kuna samaki mwingi zaidi aliyegeuka kuwa kimiminika. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka angalau gramu 10 kwa lita, Red Boat wako mara nne ya hapo, na kwa pipa la asili lisilochezewa huko 40 ni karibu na dari, huwezi kupanda sana zaidi. Ila kuna mtego hapa, naomba msikilize vizuri. Namba peke yake inaweza kukudanganya, maana mtu anaweza kuongeza protini iliyovunjwa kiwandani na naitrojeni ikapanda bila samaki kuongezeka. Ndo maana nasema namba NA viungo, vyote viwili, ukiona namba kubwa halafu nyuma kuna orodha ndefu kama katiba, iweke chini.

Kuna mambo yalitokea Vietnam mwaka 2016 ambayo yanaonyesha hii namba ilivyo na siasa. Chama kimoja cha kutetea walaji kilitoa matokeo kikisema sosi nyingi zina arseniki kupita kiasi, na eti naitrojeni ikiwa juu arseniki nayo iko juu, yaani moja kwa moja zile za kienyeji za mkamuo wa kwanza ndo mbaya. Watu wakaogopa, maduka yakaanza kuzitoa, watengenezaji wadogo wakalia. Kumbe ile arseniki waliyoipima kwa sehemu kubwa ni ya kikaboni, ambayo viumbe wa baharini wanayo kiasili na sio ile ya sumu, serikali ikachunguza ikasema taarifa ile ilikuwa ya kupotosha na chama kikaomba radhi. Mpaka leo bado kuna mtu atakutumia ile habari ya zamani, we mjibu tu kwa upole.

Haya, matumizi. Hii chupa nimeipa nafasi ya mezani na sio ya jikoni na nitaeleza.

Kwenye nước chấm, ile sosi ya kuchovyea ya Kivietnamu, hapa Red Boat haina mpinzani kwangu. Fungu moja la sosi, moja la sukari, moja la maji ya ndimu, na maji matatu hivi, ila kwa hii anza na sosi pungufu kidogo maana ni kali. Yeyusha sukari kwenye maji ya moto, acha yapoe, ndo utie ndimu na sosi. Kitunguu saumu na pilipili vikatekate vidogo utie MWISHO kabisa, vitaelea juu vizuri, ukivitia mwanzo vinazama chini na bakuli linakosa sura. Chovya rolo za kukaanga, mwagia tambi za mchele zenye nyama ya kuchoma na majani mabichi, bánh xèo (chapati za unga wa mchele za kukaanga), chochote. Ladha ya sosi inabaki safi, unaisikia yenyewe na sio sukari.

Kwenye mayai ya Kithai pia, khai jiao, yale yanayokaangwa kwenye mafuta mengi ya moto mpaka yanavimba na kukauka pembeni. Matone machache ndani ya yai badala ya chumvi. Na mezani Wathai wana prik nam pla, pilipili zilizokatwakatwa ndani ya sosi ya samaki na ndimu kidogo, unajitilia kijiko kwenye wali. Hapo Red Boat inafanya kazi vizuri, ingawa kusema ukweli mapishi ya Kithai yametengenezwa kwa nam pla, sosi ya samaki ya kwao, ambayo ina chumvi ya wazi zaidi na haina unene huu, kwa hiyo som tam (saladi ya papai bichi) ya Red Boat inakuwa na ladha nzitonzito ambayo mpenzi wa som tam atainua nyusi. Tumia Squid au Tiparos, nayo ya Thailand, hazitakuangusha.

Sasa pale inapokosa alama kwangu. Vitu vinavyochemka muda mrefu, kwa mfano thịt kho, nguruwe na mayai kwenye karameli (kwa wasiokula nguruwe kuku anakubali vizuri tu), au cá kho, samaki kwenye chungu cha udongo, vinakula sosi nyingi sana, na moto unafukuza zile harufu nyepesi ambazo ndo ulilipia. Ukishamaliza unabaki na chumvi na umami ambavyo Squid angekupa vilevile kwa pesa ndogo zaidi. Kwenye supu ya tom yum tia mwishomwisho ukishazima moto au karibu na kuzima, hapo angalau harufu inabaki. Lakini kumimina nusu chupa ya mkamuo wa kwanza kwenye sufuria inayochemka saa nzima, hapana jamani.

Na msiifanye ijibu maswali ya nchi zote. Kimchi ya Kikorea ina aekjeot yake, ya anchovi au ya samaki wembamba wanaoitwa kkanari, na kabichi inajua tofauti. Ufilipino wana patis, ambayo ni kile kimiminika kinachojitenga juu wakati wanatengeneza bagoong, samaki au uduvi wa kuchachushwa na chumvi. Laos wana padaek, hiyo ina vipande vya samaki kabisa na harufu yake inaiacha hii mbali sana, ukiweza padaek hakuna kitakachokushinda. Japani kule Akita wana shottsuru ya samaki hatahata. Zote ni ndugu ila kila mmoja ana kwao.

Chumvi tusiifiche. Kijiko kimoja cha chakula kina sodiamu karibu miligramu 1,400 au zaidi, wakati WHO wanashauri mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku nzima. Kwa hiyo presha ikiwa inakusumbua hii ni kitu cha matone na sio vijiko, na ukiitumia usiweke chumvi nyingine kwenye chakula hichohicho. Wanaopata shida na histamini, wale wanaowashwa au kuumwa kichwa wakila vyakula vilivyochachushwa, wawe makini, Codex wameweka kikomo cha miligramu 400 kwa kilo lakini mtu ambaye mwili wake unashtuka upesi anaweza kusikia hata chini ya hapo. Aleji ya samaki hakuna mjadala, usiguse. Wasiokula samaki kule Vietnam wana nước mắm chay, ya mimea, nyingine zinatengenezwa kwa nanasi, sio sawa lakini kwa kuchovyea inapita.

Duka la mtandaoni nililoagizia, jina naliacha, liliifunga kwenye karatasi moja tu, chupa ya kioo, fikiria ingevunjika njiani mzigo wote wa jirani ungenuka mpaka mwaka ujao. Ukiagiza waombe waifunge vizuri, na ikifika angalia kama kifuniko kimekaza.

Kutunza ni rahisi. Haiharibiki kirahisi kwa ile chumvi yote, kabati lenye giza linatosha ukiitumia mara kwa mara, friji ni kwa ajili ya kulinda harufu tu kama chupa inakaa sana. Ikifunguliwa itazidi kuwa nyeusi taratibu, hewa hiyo, haina neno. Na ukiona vichembe vyeupe vinang'aa chini ya chupa usiirudishe dukani wala usilalamike, ni chumvi imejitenga, iache hukohuko chini na uendelee kumimina.