Puti au supaglu: kuziba mshono wa modeli kabla ya rangi

Ukishagundisha nusu mbili za ndege ya plastiki lazima kabaki kamstari pale katikati, na rangi haikafichi, tena ndo inakatangaza. Sasa uzibe na nini?

Puti ya tyubu ina raha yake, laini, unapaka na kijiti, msasa unaila kirahisi. Shida yake inasinyaa ikikauka maana solventi (kile kimiminika kinachoifanya iwe laini) inatoka, kwa hiyo mwanya mpana unaujaza leo kesho unakuta kabonde unarudia tena, na ukiibandika nene kwa mkupuo mmoja ile solventi inaweza kulainisha hadi polistireni yenyewe, yaani plastiki ya modeli.

Supaglu haisinyai hivyo. Ukitia kikaushio inashika hapohapo, unapiga msasa namba 400, 600 mpaka 1000, umemaliza. Ila usiende kulala ukaiacha! Ikikaa masaa mengi inakuwa ngumu kuliko plastiki, msasa unakula pembeni we unabaki na katuta. Na tumia msasa wa maji bana, vumbi lile si la kuvuta.

Mi mshono mrefu mwembamba ni supaglu bila kuwaza, puti naiachia vishimo na mikwaruzo, halafu ukitaka kuchonga upya mistari ya paneli (ile ya maungio ya mabati ya ndege) puti inamomonyoka ovyo.

Yoyote utakayochukua, osha vipande na sabuni ya vyombo, vikauke, pulizia praima (rangi ya kwanza ya msingi) ya kijivu nyepesi, mshono ukijitokeza rudi kwenye msasa.