Nebraska au Iowa: kuwapeleka watoto wadogo kwenye makazi ya walowezi

Homestead, hifadhi ya kihistoria karibu na Beatrice, Nebraska, hamtozwi kiingilio. Hapo ndipo Daniel Freeman, mmoja wa walowezi wa kwanza kudai ardhi ya bure ya serikali, alipoandikisha ekari 160 tarehe 1 Januari 1863. Nyumba ya magogo ya mwaka 1867 ina chumba kidogo mno. Mwambie mtoto afikirie familia nzima ikilala humo majira ya baridi. Nyasi ndefu za kuzunguka ni nzuri, ila kwa mtoto wa miaka 3 yote hayo ni ya kutazama tu.

Living History Farms, makumbusho ya wazi ya mashamba ya zamani huko Urbandale, Iowa, ni ya kulipia na hufuata msimu. Lakini shamba la 1850 lina maksai, na wahudumu hupika na kulima mbele yenu. Pia kuna shamba la Waioway, wenyeji wa asili waliokuwepo kabla ya walowezi. Wangu ningewapeleka huku.