Unga wa mbegu za zabibu: nautumia na naukubali, ila neno kansa litoke kwenye lebo

Wiki ya sita hii nautumia, kopo la pili ndo nalimalizia. Nimenunua duka moja la vyakula asilia hapa Dodoma mjini, elfu nane robo kilo, jina la duka naliacha maana sitaki kumharibia mtu biashara, nataka arekebishe.

Unga wenyewe safi. Umesagwa laini na haunuki mafuta yaliyochacha (mbegu za zabibu zina mafuta, zikikaa kwenye joto zinachacha, nshawahi kununua kwingine nikamwaga wote). Ukionja unakuta ukakasi kama wa ndizi mbichi, na huo ukakasi ndo wenyewe, ni tanini, kundi lilelile la antioksidanti (vitu vinavyosaidia kukinga seli zisiharibiwe) tunalolitafuta. Dada wa dukani anasema mbegu anatoa kwenye machicha ya wakamua mvinyo. Sie tuliokulia huku tumezoea kuona zabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka na mbegu zinatupwa, kwahiyo kwa hilo nampa hongera kutoka moyoni.

Sasa mimi kazi yangu ni maabara, kupima mimea, nikaona nisiishie kuonja. Nikaloweka vijiko viwili kwenye ethanoli yenye maji usiku kucha, nikachuja, hayo maji yaliyochujwa (dondoo) nikayajaribu na DPPH. Hiyo ni kemikali ya zambarau, ikikutana na antioksidanti inafifia inaelekea njano, unaiacha gizani nusu saa halafu mashine inasoma rangi kwenye nanomita 517, pembeni umeweka vitamini C ya kulinganishia. Dondoo ile ilififisha rangi haraka mpaka kwa macho unaona! Nikarudia na unga uliochemshwa kwa maji matupu, yani chai kama tunavyokunywa nyumbani, hapo rangi ikafifia ila kwa kusuasua sana. Kwahiyo lebo inaposema kijiko kwenye maji ya moto kinatoa "nguvu yote ya mbegu", sio kweli.

Halafu chini yake imeandikwa "imethibitishwa maabara, inaua seli za kansa". Hapa ndo sikubaliani kabisa. Kwanza hiyo DPPH haisemi lolote kuhusu kansa, ni kipimo kingine. Cha kansa mara nyingi tunatumia MTT, seli zinakuzwa kwenye kisahani chenye vishimo 96, unazimwagia dondoo, baada ya siku mbili tatu unaweka kemikali ya njano ambayo seli hai inaigeuza zambarau, ikibaki hafifu ujue seli zimekufa au zimeacha kukua. Wengi wanatumia HeLa, seli zilizotoka kwa mama mmoja wa Marekani, Henrietta Lacks, mwaka 1951 na mpaka leo zinakuzwa. Dondoo ya mbegu za zabibu imewahi kuzuia seli za kansa kwenye visahani, hilo kweli, ila pale inamwagwa juu ya seli moja kwa moja, ukinywa sehemu kubwa ya tanini haivuki utumbo na inayovuka ini linaibadilisha. Tena lazima upime na seli zisizo na kansa pembeni, maana hata jiki ukiimwaga pale inaua seli za kansa. Mtu ataniambia mbona vinkristini, dawa ya kansa, ilitoka kwenye mmea wa Madagaska, ndio, ila ilitengwa ikasafishwa ikapimwa kwa wagonjwa miaka, na inaingizwa kwenye mshipa kwa kipimo cha daktari.

Kinachoniuma ni mama mdogo. Ana kansa ya titi, yuko kwenye kemo (dawa za kansa za dripu), alikuja kwangu akaona kopo mezani akasoma lebo taratibu, akaniuliza "mwanangu, si ninywe hii tu niachane na zile dripu, nimechoka." Nililia. Tulikaa mpaka usiku namweleza, kesho yake nikamsindikiza kwa daktari wake na kopo mkononi, daktari akasema asitumie kabisa kipindi cha kemo, antioksidanti nyingi zinaweza kuingilia dawa, na mbegu za zabibu zinaweza kuongeza kutokwa damu. Kemo anaendelea nayo, namshukuru Mungu.

Unga nyota nne, lebo nyota moja. Nimerudi kuongea na yule dada, kanisikiliza vizuri tu, ila anasema lebo zilishachapwa nyingi. Nimemwambia stika za kuzibia ule mstari nitazilipia mimi, nasubiri anijibu.