Uzoefu wangu: ArduPilot kwenye ndege ya mota zinazoinama

Ndege yangu nimeibuni mwenyewe: mota mbili za mbele zinainama, ya tatu iko nyuma na kazi yake ni kunyanyua tu. Ubongo wake ni ArduPilot, programu ya bure ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Kwenye mipangilio yake unawasha Q_ENABLE (inayoiruhusu ndege kuelea kwa mota), unaitajia mota zinazoinama kupitia Q_TILT_MASK, kisha unachagua aina ya kuinama.

Kilichonivutia ni namna inavyovuka kutoka kuelea hadi kuruka mbele. Mota haziangukii mbele kwa ghafla. Zinainama hadi pembe ya Q_TILT_MAX, ambayo usipoigusa ni nyuzi 45, na kubaki hapo mpaka kasi itoshe bawa kubeba uzito. Hapo ndipo zinalala kabisa na mota ya nyuma inazima.

Ila programu haikuchorei ndege. Kitovu cha uzito kinatumikia mabwana wawili. Ndege ikielea kwa mota tatu za nguvu sawa, kinatakiwa kukaa theluthi moja ya njia kutoka mota za mbele kwenda ya nyuma. Ikiruka kwa bawa, kinatakiwa karibu na robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Mimi huanza na bawa, ndipo napanga mota. Anayeanza na mota huishia kubandika vyuma puani, na kila gramu inalipiwa na betri.

Jambo jingine ni servo, yaani vijimota vidogo vinavyoinamisha mota. Kwenye aina ya 2 ya kuinama, pua hugeuzwa kushoto au kulia kwa kuinamisha mota moja mbele na mwenzake nyuma, kwa hiyo servo lazima ipite kidogo wima. Zangu za mwanzo, za gia za plastiki, zilikuwa na ulegevu na pua ikawa inachezacheza hewani. Nilibadilisha vigezo weee, wapi! Gia za chuma ndizo zilizotuliza.

Kuhusu propela, usitegemee muujiza. Inayoelea vizuri haipendi mwendo kasi. Hata V-22 Osprey, ndege ya kijeshi ya Marekani ya propela zinazoinama iliyoruka mara ya kwanza 1989, ina propela ndogo kwa helikopta na kubwa kwa ndege.

Kama hujawahi kurusha droni wala ndege ya bawa, anza na hizo kwanza. Kama umezizoea zote mbili, isakinishe ArduPilot, na majaribio ya kuelea yawe mafupi, maana huko ndiko betri inakoishia.