Mgao wa maji au bei ya kupanda kwa ngazi?

Jangwani ukame ukikaza ubishi ni ule ule, tufunge maji kwa zamu au bei ya kila lita ipande ngazi kwa ngazi kadiri mtu anavyotumia zaidi? Kwa gharama ya kuanza mgao unashinda, unafunga koki kuu tu, wakati bei za ngazi bila mita kila nyumba ni hadithi. Ila mgao una balaa lake, bomba likikaa bila presha uchafu unaingia kwenye nyufa, halafu watu wanajaza mapipa kwa woga na maji yakirudi wanamwaga ya zamani, sasa hapo mmeokoa nini? Bei nayo inaumiza familia kubwa, watu 10 mita moja. Kisima kinakauka wiki hii? Mgao. Mna mita na muda? Jaribuni bei, ila ngazi ya kwanza, ile ya bei nafuu, ifuate idadi ya watu nyumbani.