Matundu ya haidroliki nyuma ya trekta dogo: nunua kipi, acha kipi

Matrekta madogo yaliyotumika Japani, yale ya Kubota, Yanmar na Iseki yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa, mengi hufika na pointi tatu (mikono ya nyuma ya kunyanyulia zana) na shafti ya PTO (inayozungusha mashine kwa nguvu ya injini) nyuma, basi. Tundu la kuchomeka hosi ya haidroliki hakuna. Mwenye trekta haoni pengo hilo mpaka siku anunue tela la kumwaga, kisha ajikute bado anashusha mahindi kwa koleo huku jeki ya tela imelala bure.

Pengo hilo huzibika, lakini njia ni tano na si zote zinafaa kila trekta. Anza na kile unachotaka kuchomeka. Tela la kumwaga lenye jeki ya kusukuma upande mmoja linahitaji hosi moja. Plau ya kugeuza au toplinki (fimbo ya juu ya pointi tatu) ya haidroliki inahitaji mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Kama huna hakika, weka mbili. Kuongeza ya pili baadaye ni kufungua kazi yote upya.

Kisha jua pampu yako. Matrekta mengi ya Kijapani yana pampu ya gia iliyofungwa nje, ubavuni mwa injini, na bomba la chuma linalopeleka oili nyuma. Oili hiyo haisimami: injini ikiwaka, inazunguka na kurudi kwenye gia boksi hata kama hunyanyui kitu. Massey Ferguson 35, 135 na 240 ni habari nyingine. Pampu yao imo ndani ya nyumba ya gia, imezama kwenye oili, na valvu yake hudhibiti oili inayoingia kwenye pampu. Mikono ya nyuma isipohitaji kitu, pampu haivuti kitu. Kwa hiyo valvu inayotegemea oili inayotiririka muda wote haitafanya kazi humo. Muuzaji asiyekuuliza aina ya trekta kabla ya kukutajia bei, mwache.

Ya kwanza: valvu ya liva yenye tundu la kupitisha presha

Kwa trekta lililotumika lenye pampu ya gia, hii ndiyo ningeinunua. Inakaa kati ya pampu na mikono ya nyuma, na ina matundu matatu makuu. P hupokea oili kutoka kwenye pampu. T huirudisha kwenye gia boksi. La tatu, ambalo mara nyingi limeandikwa N au PB, hupeleka presha mbele kwenye mikono ya nyuma. Ukiwa na ndoo ya mbele, oili ipite kwanza kwenye valvu ya ndoo, kisha hii, kisha mikono.

Hapa kwenye tundu la tatu ndipo watu wanapoumia, na mimi ni mmoja wao. Valvu nyingi huuzwa bila kile kijibomba cha ndani kinachotenganisha njia ya N na njia ya T. Hununuliwa peke yake. Fundi wangu hakukijua wala mimi sikukijua. Akachukua oili ya T akaipeleka kwenye mikono ya nyuma, na mikono ikanyanyua vizuri kabisa. Siku ya tatu, haro ikiwa juu, valvu ilipasuka ubavuni, kwa sababu upande wa T haukutengenezwa kubeba presha kamili. Nilipoteza valvu, oili na wiki nzima ya msimu. Dai kijibomba hicho dukani, kifungwe ukiona, na hosi ya T iende moja kwa moja kwenye gia boksi bila kizuizi chochote.

Kwa ajili ya tela, chagua valvu ambayo liva yake hubadilishika kwa skrubu, kutoka kazi ya hosi mbili kwenda ya hosi moja. Isipobadilishika, kila unaposhusha tela pampu inasukuma oili kwenye tundu lililozibwa, na utaisikia valvu ya usalama ikilia. Liva yenyewe iwe inayorudi katikati ukiiachia.

Ya pili: seti ya kiwanda

Inakuja na valvu, mabomba yaliyokunjwa tayari, vishikizo na boli zake, na inakaa mahali palipoandaliwa. Trekta likiwa jipya na bado lina waranti, hii inapanda kuwa ya kwanza bila mjadala. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya bei, na kwa sababu matrekta mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayamo kwenye orodha za mawakala wetu. Peleka namba ya modeli na ya chesisi, na usilipe kabla wakala hajathibitisha kwa maandishi kwamba inaingia.

Ya tatu: kuchota kwenye mikono ya nyuma

Kwa Massey za zamani zinazovuta tela tu, hii inatosha na ni rahisi kuliko zote. Oili huchukuliwa juu ya kifuniko cha haidroliki, na unaendesha tela kwa liva ileile ya mikono. Nunua yenye koki ya kufunga mikono, la sivyo mikono na tela vitagombania oili. Ni ya hosi moja tu. Plau ya kugeuza usiifikirie.

Ya nne: kuazima oili ya ndoo ya mbele

Valvu ya umeme ya volti 12 hufungwa kwenye hosi za ndoo. Ukibonyeza kitufe, oili inayogeuza ndoo inakwenda nyuma. Gharama ni ndogo, lakini huwezi kugeuza ndoo na kutumia nyuma kwa wakati mmoja.

Ya mwisho: pampu ya PTO na tanki lake

Ni nzito na ina vitu vingi vya kununua. Inafaa pale tu mashine inapotaka oili nyingi mfululizo kuliko trekta linavyotoa, kama ndoo ya kuchimbia mitaro.

Ukishachagua, usibane pesa kwenye hosi. Ya nusu inchi yenye wavu mmoja wa waya, iliyoandikwa R1, hubeba takribani baa 138 za presha, na trekta dogo laweza kufika 160 au zaidi. Chukua R2, yenye nyavu mbili, na ncha zibanwe kwa mashine. Pale Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, wanakubania ukisubiri. Nipeli (viungio vifupi vya bomba) za maji za mabati zikatae hata fundi akiapa. Hazikutengenezwa kwa presha hii, na zinki yake hubanduka ikaingia kwenye valvu. Angalia na uzi wa skrubu: nusu inchi ya BSP (uzi wa Kiingereza) na ya NPT (wa Kimarekani) zote zina meno 14 kwa inchi, zinaanza kukazana vizuri, halafu zinavuja. Koplingi (viungio vya kuchomeka hosi) ziwe za nusu inchi za kiwango cha ISO 5675, jike kwenye trekta, zenye vifuniko vya vumbi.

Oili nayo ina hesabu yake. Jeki yenye kipenyo cha ndani cha milimita 80 ikitoka mita 1 inameza lita 5, na hizo zinatoka kwenye gia boksi ya trekta. Pima oili tela likiwa chini, na ujue kiasi kitakachobaki likiwa juu, hasa ukisimama mlimani, ambako pampu huanza kuvuta hewa. Ukiazima tela la jirani, oili yake inaingia kwako. Ikionekana nyeupe kama maziwa ina maji, usiichomeke.

Siku ya kwanza ya kuwasha, usitafute mvujo kwa kidole. Oili ya presha ikitoka kwenye tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi bila maumivu makubwa, na huo ni upasuaji wa haraka, si jeraha la kufunga kitambaa. Pitisha kipande cha kadibodi kando ya hosi. Mtu akipigwa na oili hiyo, apelekwe hospitali saa hiyohiyo na daktari aambiwe wazi kwamba ni oili ya haidroliki imeingia ndani.