Lanchi ya bei chee Japani: teishoku ipi uagize (na "saba" sio namba)

Wadau mnaokuja Japani kusoma au kazini, msiishi kwa onigiri (matonge ya wali) za dukani kama nilivyofanya mi miezi mitatu ya kwanza. Kile kimgahawa karibu na stesheni, chenye pazia fupi mlangoni na ubao ulioandikwa kwa mkono ambao husomi hata herufi moja, ndo kuna msosi wa maana. Unaagiza teishoku, yaani sinia moja lenye wali, supu ya miso (uji mzito wa soya uliochachushwa), kitoweo, kabichi iliyokatwa nyembamba na tuachari twa mboga pembeni. Mama ntilie kabisa, ila hapa kila kitu kina kibakuli chake. Mtaani kwangu Tokyo mchana bei inacheza kwenye yeni 800 mpaka 1,100, maji au chai bure, na tipu hakuna, ukiacha chenji mezani mama wa watu atakukimbiza nayo mpaka barabarani. Zile za yeni 500 bado zipo ila za kutafuta kwa tochi, hasa tangu mchele upande bei, 2025 kilo 5 zilivuka yeni 4,000.

Haya, listi yangu.

Namba moja, saba shioyaki. Saba ni samaki, ukoo mmoja na kibua wetu ila mnene na mafuta ya kutosha, na wengi wanaouzwa huku wanatoka Norway. Mara ya kwanza mama aliponiuliza "saba?" nikajua ananipeleka meza ya saba, nikaanza kuhesabu meza, na mgahawa wenyewe una meza nne. Wanampaka chumvi wanamchoma, basi. Anakuja ngozi imevimba malengelenge na bado inatoa sauti, pembeni kuna kilima cha figili nyeupe iliyokunwa kama nazi na kipande cha limau. Sosi ya soya usimwagie samaki, idondoshee kwenye ile figili halafu uile na mnofu, chumvi inapoa na mafuta hayakukinai. Kwa wanaochunga halali hii ndo salama zaidi, japo wengine humpitishia sake (pombe ya mchele) kabla ya kuchoma kwa hiyo uliza. Saba no misoni, yaani saba wa kupikwa kwenye miso, ni habari nyingine, ile inatiwa sake na mirin (pombe tamu ya kupikia).

Namba mbili, higawari, chakula cha siku, kinabadilika kila siku na mara nyingi ndo bei ya chini kuliko vyote maana mpishi ananunua kilichoshuka bei sokoni. Wengine wangeiweka juu na siwabishii. Mi naishusha kwa sababu hujui unaletewa nini: leo samaki, kesho menchi katsu (nyama ya kusaga ya kukaanga) ambayo kwa nje ni kababu tu, kumbe ndani nyama ya ng'ombe imechanganywa na nguruwe. Jifunze sentensi moja, "butaniku haitte masu ka?", kuna nyama ya nguruwe humu? Na ulizia na supu, maana kuna siku badala ya miso ya kawaida wanakupa tonjiru, na hiyo "ton" ndo nguruwe mwenyewe.

Tatu, karaage, kuku wa kukaanga mwenye tangawizi na kitunguu saumu. Anashibisha, watoto wanampenda, ila ukila kila siku utajua mwenyewe.

Nne, shogayaki, nguruwe wa tangawizi. Kama unakula kitimoto hii ipandishe mpaka namba mbili, ule mchuzi ukishuka kwenye kabichi ni balaa.

Sashimi (samaki mbichi wa vipande) na tonkatsu (nguruwe wa kukaanga) naziacha chini. Sio mbaya, ila hapo unaongeza mia tatu, mia nne, na tulisema bei chee.

Kabla hujakaa angalia mambo mawili. Bei ya ubaoni kama imeandikwa 税込 ujue kodi imo, kama ni 税別 ongeza asilimia 10. Halafu beba keshi. Sehemu nyingine unanunua tiketi kwenye mashine mlangoni, na baada ya noti mpya kutoka Julai 2024 kuna mashine za kizamani zinazitema, mi nimesimama pale nalisha noti inarudi, nalisha inarudi, foleni nyuma yangu kimyaaa hakuna hata anayekohoa, ikabidi mzee mmoja anibadilishie na noti yake ya zamani.

Wali ukitaka mwingi sema "omori", kwingine bure kwingine yeni 100 hivi. Na fika mapema, saa 5:30 asubuhi kwa kuhesabu kwetu (11:30 ya saa ya Japani) wakifungua ndo muda wake. Mi nikifika saa 7:40 nakuta kwenye ubao mstari wa higawari ushafutwa, imebaki karaage.